Dhoruba ya Usiku Hupikwa Mchana: Ushauri kwa Watu wa Ziwa

Dhoruba inayoupiga mtumbwi saa tisa usiku katikati ya Ziwa Victoria haikuzaliwa saa tisa. Ilianza kuandaliwa mchana, jua likiwa la kuchoma, biashara ya mwaloni ikiwa imechangamka na wavuvi wakiwa wamelala au wanashona nyavu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote mwenye shughuli ziwani, awe mvuvi wa dagaa, mchuuzi anayevuka kwenda Ukara au mwalimu anayerudi kituoni kwake Goziba, ni kwamba uamuzi wa kuondoka au kubaki ufanywe saa kumi jioni, akili ikiwa imetulia na bandari ikiwa bado iko mgongoni. Ukisubiri hadi saa tano usiku, umeme ukiwa umeshaanza kumulika mbele yako, mafuta yamekwenda, nyavu ziko majini, na kila mtu ndani ya chombo anaona aibu kuwa wa kwanza kusema turudi.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba ziwa hili huua kati ya watu 3,000 na 5,000 kila mwaka katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Hesabu hizo nazisoma kwa tahadhari, maana mialo mingi haina daftari la nani katoka na nani karudi, na si vifo vyote vinatokana na hali ya hewa. Kupakia kupita kiasi na vyombo vibovu vina sehemu yao kubwa. Lakini hata ukiikata hesabu hiyo nusu, bado ni msiba unaozidi ajali nyingi za meli tunazozikumbuka kwa majina, na unatokea kidogo kidogo, watu watatu leo, wanne kesho kutwa, bila kufika gazetini.

Sasa tuone jinsi inavyopikwa. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na limezungukwa na nchi iliyoinuka: upande wa mashariki kuna milima ya Kisii, Kericho na Nandi, na upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea Rwanda na Burundi. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu ikishapashwa moto inakuwa nyepesi, inapanda, na nafasi yake inachukuliwa na upepo unaotoka ziwani. Matokeo yake, mawingu ya alasiri huota juu ya vilima na anga la ziwa lenyewe linabaki jeupe. Mtu wa Kakamega au Kisii anaijua vizuri mvua ya saa tisa mchana.

Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa upesi, maji yanabaki na joto lake, na upepo unaanza kushuka kutoka pwani zote kuelekea ziwani. Hapa ndipo umbo la ziwa letu linapoleta taabu. Upepo wa Musoma unakuja, wa Mwanza unakuja, wa Bukoba na wa Entebbe nao unakuja, na zote zinakutana mahali fulani katikati. Zikikutana hazina pa kwenda isipokuwa juu, na zinapanda zikiwa zimebeba unyevu wa maji yenye joto. Kwa kuwa upepo mkuu wa ukanda huu huvuma zaidi kutoka mashariki, makutano hayo husukumwa upande wa magharibi, na dhoruba zikishaota huelekea huko huko. Ndiyo sababu Bukoba hupata takribani milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Musoma ng'ambo ya pili haifiki hata nusu ya kiasi hicho, na ndiyo sababu watu wa Bukoba na wa visiwa vya Ssese huamshwa na radi alfajiri.

Mwaka 2016 mtafiti Mbelgiji Wim Thiery na wenzake walichapisha uchunguzi uliotumia picha za setilaiti kuangalia dhoruba kali za ziwa hili. Kati ya waliyoyaona, lipo moja ambalo mvuvi anaweza kulitumia jioni ya leo: usiku wa dhoruba kali kabisa ziwani mara nyingi hutanguliwa na mchana wa dhoruba kali kwenye nchi kavu inayolizunguka. Mvua kubwa ya alasiri humwaga hewa baridi, hewa hiyo huteremka kuelekea majini na kuuongezea nguvu upepo wa usiku, na makutano ya katikati yanakuwa makali kuliko kawaida. Watafiti hao hao walionya pia kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, mvua kubwa kupita kiasi juu ya ziwa zitaongezeka nguvu kwa kasi kuliko zile za nchi kavu.

Basi tumia simu. Wengi wetu tuna shemeji Tarime, rafiki Migori au mteja Kisii. Mpigie saa kumi umuulize mchana kumenyesha vipi kwao. Akikwambia kumepiga radi za kutisha na maji yamejaa barabarani, usiku huo una alama mbaya. Iongezee taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutolewa redioni na mitandaoni, na uzoee madaraja yake: angalizo, kisha tahadhari, kisha tahadhari kubwa. Kosa ninaloliona sana ni watu kulidharau angalizo kwa kuwa siku tatu zilizopita lilitolewa na hapakutokea kitu. Angalizo linahusu eneo kubwa. Dhoruba inaweza kuwa ilipiga kisiwa cha Kome wewe ukiwa Ukerewe unakunywa chai.

Nikumbushe upande wa pili pia. Mchana mtulivu hautoi dhamana ya usiku mtulivu. Dalili hizi hupunguza kubahatisha, hazikuondoi.

Wingu la radi lina maisha mafupi kuliko wengi wanavyodhani. Chembe moja ya dhoruba, yaani wingu moja lenye mkondo wake wa hewa unaopanda, huishi kati ya nusu saa na saa moja hivi. Mwanzo hewa inapanda tu. Wingu linanenepa kwenda juu, lina vibonge vyenye kingo kali, na chini bado hakuna hata tone. Linaweza kufika kilomita 15 au zaidi huku kwetu tropiki, mahali penye baridi kali mno. Likigonga tabaka la juu linashindwa kuendelea kupanda, kilele kinatandazika na kuwa bapa mfano wa fuawe ya mhunzi. Ukiona ubapa huo, wingu limekomaa. Ndani yake punje za barafu zinagongana, nyepesi zinapanda na chaji ya aina moja, nzito zinabaki chini na chaji ya aina nyingine, na tofauti hiyo ikizidi mno umeme unaruka.

Kisha mvua inaanza kushuka, na inaposhuka inavuta hewa. Sehemu ya matone inageuka mvuke njiani na kuipoza hewa hiyo zaidi, inakuwa nzito, inaporomoka. Ikifika chini haina pa kuzama; inatapakaa pande zote kwa kasi. Huo ndio upepo unaotangulia mvua, na kwa maoni yangu ndio muuaji mkubwa ziwani kuliko radi na mvua kwa pamoja. Unaweza kuwa kilomita kadhaa mbele ya tone la kwanza. Mkondo wa namna hii ukiporomoka mahali pamoja kwa nguvu, upepo wake unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa kwa dakika chache, na dakika chache zinatosha kuupindua mtumbwi.

Aliye majini anaweza kuiona inakuja akijua pa kuangalia. Hewa inatulia kupita kiasi, joto la kunata. Nyota za chini upande mmoja zinapotea bila wewe kuona wingu lenyewe. Halafu shavuni unahisi ubaridi wa ghafla, na upepo uliokuwa ukitoka upande mmoja unageuka kutoka upande mwingine kabisa. Mwanga wa radi ukimulika, unaona juu ya maji mstari wa povu jeupe unaosogea. Kuanzia ubaridi ule hadi mstari ule kufika ni dakika za kuhesabika. Kama ulikuwa hujavaa jaketi la kujiokolea, huo si wakati wa kuanza kulitafuta chini ya nyavu.

Kuna njia rahisi ya kujua kama umeme unaouona mbali unakuhusu. Usiku radi huonekana hata kutoka kilomita 100 na zaidi, kwa hiyo mwanga peke yake usikutishe wala usikupe usingizi. Chagua kitu kisichosogea, kwa mfano taa ya kisiwa au nyota, uone wingu linalomulika liko upande gani wake. Baada ya robo saa angalia tena. Likiwa limehamia kulia au kushoto, linapita. Likiwa limebaki palepale huku likizidi kupanda angani, linakuja kwako. Ukianza kusikia ngurumo, hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio, ugawe kwa tatu. Jibu ni kilomita, kwa kuwa sauti husafiri karibu meta 340 kwa sekunde. Sekunde 30 ni kilomita 10, na kilomita 10 ni karibu. Radi hupiga hata nje ya eneo la mvua, mahali ambapo kichwani kwako bado kuna nyota.

Ikikukuta huko huko, ubishi wa kukimbia na dhoruba mgongoni usiuanze isipokuwa una uhakika kamili wa kufika. Mtumbwi ukipewa mawimbi ubavuni unapinduka. Ukipewa mgongoni unajaa maji kwa nyuma, palipo na injini nzito. Elekeza omo, yaani mbele ya mtumbwi, kwenye mawimbi, kwa pembe kidogo, na injini iwe na mwendo wa kutosha kukuweka hivyo tu. Injini ikizima, funga kamba ndefu mbele ya mtumbwi, mwisho wake ufunge ndoo au fungu la nyavu, ulitupe majini. Kitu hicho kitaburuta na kuvuta omo ielekee upepo, na mtumbwi hautakaa ubavu. Wavuvi wengine hukata nyavu na kuziacha. Ninaelewa uchungu wa kuacha mali ya mkopo, lakini nyavu hizo hizo zikitumiwa kama nanga ya kuburuta zinaweza kukurudisha nyumbani. Mlingoti ushushwe. Watu wakae sakafuni, si juu ya mbao za kukalia, na mmoja asiache kuchota maji.

Chombo kikipinduka, kaa nacho. Mtumbwi wa mbao hauzami wote, na kitu kikubwa kinachoelea huonekana na waokoaji kuliko kichwa cha mtu. Pwani usiku huonekana karibu kuliko ilivyo, na walioogelea kuifuata ni wengi ambao hawakufika. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko kilichokazwa lina uwezo wa kumweka mtu mzima juu ya maji, kwa hiyo madumu mawili matatu yafungwe ndani ya mtumbwi tangu mwaloni, yenye kamba za kushikia. Bei yake haifiki hata lita chache za petroli. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, shingoni. Na kabla hujaondoka mwachie mtu mmoja nchi kavu taarifa ya unakoelekea na saa unayotarajiwa. Viongozi wa kamati za mwalo wakiamua kuweka daftari la namna hiyo, gharama yake ni daftari na kalamu.

Jambo moja huwaponza hata waliopona mara ya kwanza. Hewa baridi inayotapakaa kutoka kwenye dhoruba moja huingia chini ya hewa ya joto iliyo mbele yake na kuinyanyua, na hapo linazaliwa wingu jingine. Wingu mama linakufa, mwana anakua. Dhoruba hizo zikipangana zinakuwa mstari mrefu unaosonga kwa saa nyingi, kila sehemu ikijirithisha. Kwa hiyo utulivu wa dakika kumi baada ya kipigo cha kwanza usiuamini. Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Wasomaji wa Pwani wataniuliza mbona sisemi lolote kuhusu vimbunga. Hao ni wanyama wengine. Kimbunga cha baharini huhitaji bahari yenye joto na msukumo wa mzunguko wa dunia, na msukumo huo karibu na Ikweta ni dhaifu mno, kwa hiyo ziwa letu haliwezi kukizaa. Kimbunga Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024 kilikuwa na jina, kilifuatiliwa kwa siku kadhaa, na watu walipata muda wa kuvuta vyombo nchi kavu. Dhoruba ya radi haina jina na ilani yake ni ya dakika.

Turudi nchi kavu, maana si wote wanaouawa na dhoruba wako majini. Usiku wa kuamkia Machi 4, 2015, mvua ya mawe na upepo viliipiga Mwakata, wilayani Kahama, kusini mwa ziwa. Watu zaidi ya 40 walikufa. Wengi wanapoisikia habari ile hudhani mawe ya barafu ndiyo yaliyowapasua vichwa. Nyumba ndizo zilizowaua: kuta za matofali mabichi ya udongo zililowa, zikalainika, zikawaangukia watu waliokuwa wamelala. Hilo linatuonyesha pa kuweka nguvu. Ukuta wa udongo huoza kuanzia chini, pale matone ya paa yanaporuka na maji yanaposimama. Msingi wa mawe unaoinuka walau kufika magotini, bati linalotokeza vya kutosha nje ya ukuta, na mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba hufanya kazi kubwa kuliko plasta nzuri ya sebuleni. Kama unaishi kwenye nyumba ya matofali mabichi na msimu wa masika umeingia, kitanda cha watoto usikisukume kwenye ukuta wa upande unaopigwa na mvua. Ukiona maji yamesimama mguuni mwa ukuta na nyufa mpya zinaonekana, wahamishe wote kwa jirani mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma kabla ya usiku kuingia.

Kuhusu mabati, kila msimu tunasoma kwamba upepo umeezua mapaa ya madarasa, na kila msimu kamati inachangisha, bati jipya linapigiliwa misumari ileile mahali palepale. Upepo haulisukumi paa tu. Ukipita juu yake unalinyonya, na ukiingia kwa dirisha lililo wazi unalisukuma kutoka ndani. Paa linang'oka na kenchi zake kwa sababu kenchi zimekalia ukuta bila kufungwa. Fundi aanze na waya mnene au vipande vya nondo vilivyojengewa ndani ya ukuta, kozi kadhaa chini ya linta, kisha vifungwe juu ya kila kenchi. Misumari ya bati iongezwe kwenye kingo na pembe, ambako upepo hushika kwanza. Dhoruba ikikaribia, fungeni madirisha na milango ya upande unakotoka upepo. Kazi hii inagharimu kidogo sana ikifanywa wakati wa ujenzi, na karibu haiwezekani ujenzi ukishaisha.

Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi, ambako mvua ya mawe huanguka kwa siku nyingi kuliko karibu sehemu yoyote duniani, wanajua kwamba hakuna dawa ya kuizuia. Miaka ya nyuma yalifanyika majaribio ya kurusha roketi mawinguni. Siku hizi busara iliyopo ni bima ya zao na kutoweka mtaji wote kwenye shamba moja.

Radi nimeiacha mpaka hapa kwa makusudi, kwa sababu ina maneno mengi. Ukanda wa Maziwa Makuu ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi kuliko zote duniani; Kabare, mashariki mwa Kongo, huhesabiwa zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na panapoizidi ni Ziwa Maracaibo la Venezuela. Na radi zetu zina tabia ya kuwakuta watoto wakiwa pamoja. Shule ya Runyanya, Uganda, mwaka 2011, wanafunzi 18 walikufa. Kambi ya wakimbizi ya Palabek, Uganda pia, Novemba 2024, watu 14 waliokuwa wamekusanyika kwa ibada, wengi wao watoto. Sekondari ya Businda, Bukombe mkoani Geita, Januari 2025, wanafunzi saba.

Msiba wa namna hiyo ukitokea, kijijini hukosi kusikia kwamba radi ile ilitumwa. Sitaki kubishana na mfiwa siku ya matanga. Lakini kwenye kikao cha shule, wiki mbili baadaye, ni lazima mtu asimame aseme habari ya jengo. Bati juu ya kuta za udongo au mbao halina njia ya kuupeleka umeme ardhini, kwa hiyo umeme unaruka kutoka kwenye bati, unapita kwa waliomo ndani, ndipo unafika chini. Kinga ya radi ni kuupa njia nyingine: ncha ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoteremka nje ya ukuta, heri ukiwa miwili katika pembe tofauti, na vyuma vilivyofukiwa kwenye udongo wenye unyevu. Ncha bila waya, au waya ulioibwa ukauzwa chakavu, ni hatari kuliko kutokuwa na kitu. Mtu mmoja apewe kazi ya kuikagua kila mara kabla ya masika na vuli.

Hadi hapo kinga itakapopatikana, ngurumo ya kwanza iwe kengele. Michezo ikome, paredi ivunjwe, watoto wasikimbilie mwembe. Mahali salama ni jengo kubwa lenye nyaya za umeme na mabomba, au gari lenye bodi ya chuma na vioo vimefungwa. Bodaboda na trekta havimo. Kama lililopo ni darasa lisilo na kinga, wakae katikati, mbali na kuta, nondo za madirisha na mlango, miguu ikiwa pamoja na imeinuliwa kutoka sakafuni. Simu uliyoishika haiiti radi, wala nguo nyekundu, wala kioo kisichofunikwa. Simu iliyochomekwa kwenye chaji ndiyo ya kuogopa, kwa sababu ya waya.

Mfugaji ataniuliza mbona ng'ombe kumi hufa kwa mpigo mmoja na mchungaji akapona. Umeme ukiingia ardhini, unatapakaa kutoka pale ulipopiga, na nguvu yake inapungua kila hatua. Ng'ombe ana miguu ya mbele mbali na ya nyuma. Tofauti ya nguvu kati ya mahali hapo pawili ni kubwa, umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, ukipitia moyoni. Kwa sababu hiyo mtu aliyekutwa uwandani achuchumae, visigino vigusane, asilale chini na asikumbatiane na wenzake. Watu wakiwa kundi, watawanyike hatua kadhaa, ili akipigwa mmoja wabaki wa kumsaidia. Kundi la mifugo nalo litolewe chini ya miti na kupelekwa mbali na uzio wa waya mapema.

Na msaada huo uanze papo hapo. Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse bila hofu. Wapo wanaopoteza muda kwa kumfukia kwenye udongo au kummwagia maziwa, na muda huo ndio uhai wake. Mara nyingi radi huusimamisha moyo na kupumua, na moyo unaweza kurudi wenyewe wakati pumzi bado haijarudi. Kwa hiyo katika ajali hii utaratibu hugeuzwa: wakipigwa wengi, wanaolia na kujikokota watasubiri, anza na anayeonekana amekufa. Mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kama umefundishwa mpulizie pumzi mbili kila baada ya mikandamizo 30. Usiache mpaka apumue au msaada ufike. Aliyeinuka akasema hajambo naye apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo akapimwe moyo na macho. Na yule anayeitwa jina lake haitikii, anakutazama tu, usiseme amechanganyikiwa. Huenda ngoma za masikio zimepasuka kwa mlio. Mpungie mkono, mwoneshe kwa ishara mnakokwenda.